Saa Tano na Robo

Mtu akiniambia "masaa" nakunja uso kabla hajamaliza sentensi. Miaka thelathini na minne nimefundisha Kiswahili shule ya msingi hapa hapa Tabora, na katika miaka hiyo hakuna mtoto aliyetamka "masaa matatu" mbele yangu mara mbili. Mara ya kwanza nilimsahihisha kwa mdomo. Mara ya pili nilikuwa na rula. Ni saa, jamani! Saa moja, saa mbili, saa mia. Kwani nyumba zikiwa tano mnasema manyumba? Hata imamu wetu nilimsahihisha siku moja kwenye hotuba ya ndoa, watu wakanicheka mwezi mzima, wala sikujali. Jina langu ni Zuwena, lakini mtaa wa Gongoni wote wananiita Mwalimu, na wengine wakiniona natokea hupunguza maneno.

Aliyeonja rula hiyo kuliko wote ni mdogo wangu Adinani. Mimi ni wa kwanza, yeye ni kitinda mimba, tumepishana miaka kumi na saba, na katikati yetu mama alizika watoto watatu. Nilimfundisha darasa la tatu na la nne. Sikutaka watu waseme nampendelea, kwa hiyo nilimwonea, na leo nalisema wazi. Alikuwa analipenda sana hilo "masaa" lake.

"Dada, jana tumecheza mpira masaa mawili."

Pa! "Saa mbili."

"Lakini dada, si watu watadhani tumecheza saa mbili usiku?"

Mtoto wa miaka tisa huyo. Nikamwambia mtu mwenye akili zake ataelewa, kisha nikamwongeza nyingine kwa kujibizana na mwalimu. Darasa zima likacheka. Tangu siku ile Adinani hakusema tena "masaa" mbele yangu, na mimi nikajisifu kwamba nimemnyoosha.

Alipokuwa mtu mzima akaenda Maskati kuendesha malori. Mwaka wa pili huko, baba akafariki. Adinani akapiga simu, "Nakuja, nakuja," tukasubiri mpaka magharibi na maiti ndani, hakuja. Tulikuja kujua baadaye kwamba mwajiri wake alikuwa amemshikia pasi. Lakini Mjomba Mabruki, mdogo wake mama, hakutaka kusikia habari za pasi. Kuanzia siku hiyo akamwita Nakuja. "Huyo Nakuja wenu hajambo?" Ndivyo alivyomuulizia kwa miaka minane, na mama kila akilisikia jina lile alikuwa anageukia ukutani.

Mama alipoanza kuugua, mwaka jana wakati wa kiangazi, akaweka wasia. Alituita mimi na mjomba, akasema, "Mwanandani, mle ndani ya kaburi, ataniingiza Adinani. Baba yenu aliwekwa na watoto wa watu. Mimi nina mwanangu wa kiume." Mjomba akakohoa kidogo. Mama akamkazia macho mpaka akaitikia.

Basi ikawa kila siku anataka kujua Maskati ni mbali kiasi gani. Mama alizaliwa Kwihara, kwenye njia ile ya zamani ya misafara, na babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe begani kutoka hapa hadi Bagamoyo, miezi mitatu kwa miguu, na alikwenda mara nne akarudi mara nne. Kwa mama kila umbali ulipimwa kwa safari za babu.

"Maskati ni kama Bagamoyo?" akaniuliza asubuhi moja.

Nikachukua simu, nikatafuta. Kuna kurasa huko mtandaoni, unaandika kiwanja hiki cha ndege na kiwanja kile, zinakupa umbali kwa mstari ulionyooka, hata kama hakuna ndege inayoruka moja kwa moja kati yao. Nikaandika Tabora, nikaandika Maskati.

"Kilomita elfu nne na mia mbili na ushee, mama."

"Hizo ni siku ngapi?"

"Mama, hiyo ni ndege. Haina siku."

"Kila safari ina siku zake," akasema.

Chini ya namba ile kulikuwa na mstari mwingine, wa muda wa kuruka. Sikuusoma. Nilikuwa na uji jikoni na sikuwa na subira, kwa hiyo nikaiweka simu mfukoni nikaondoka. Ijumaa yake Adinani alipopiga, mama akajifungia naye kama kawaida yao, na alipotoka uso ulikuwa umechangamka. Aliniambia, "Mwanangu amesema si mbali. Amenihesabia." Sikumuuliza amemhesabia nini.

Mama alifariki siku ya Jumanne, saa sita mchana, mwezi wa pili. Alikuwa ameomba maji, nikampa, akanywa funda moja. Nilipogeuka kuweka kikombe akawa ameshaondoka. Nilimpigia Adinani mimi mwenyewe. Nikasikia mtu mzima wa miaka arobaini na moja analia kama yule wa darasa la tatu. "Msimzike, dada. Nakuja." Niliposikia neno lile nikaomba Mungu mjomba asiwe amelisikia.

Mjomba Mabruki alitaka tuzike alasiri ile ile. Na kwa dini yetu alikuwa na haki, maiti haicheleweshwi bila sababu. Tukakaa barazani, wazee wamezunguka, mimi nashikilia wasia. Saa tisa ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Nikausoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Dada nimepata ruhusa na pasi ninayo. Maskati hadi Dar saa tano na robo. Dar hadi Tabora saa moja na nusu. Nisubirini, nimweke mama kwa mikono yangu."

Mzee mmoja akasema, "Huyu ameeleza vizuri." Na mimi, Mungu anisamehe, hata katika msiba ule nilijisikia fahari kidogo. Kiswahili safi, hakuna kosa. Ndege ya asubuhi kutoka Dar hutua Tabora saa moja na nusu, mji mzima unajua hivyo, ukiwa mtaa wa Cheyo unaisikia ikipita juu ya bati. Ikawa wazi kama mchana. Leo usiku saa tano na robo atakuwa Dar, atalala pale pale uwanjani, kesho saa moja na nusu yuko nasi. Nikamjibu, "Saa moja na nusu nitakuwa uwanjani." Ikaonyesha tiki moja tu, haikufika. Nikasema labda ameshapanda.

Mjomba akakubali. "Mpaka kesho asubuhi. Si zaidi."

Ningekaa nikapiga hesabu ningegundua kitu. Mtu anayeomba ruhusa saa saba mchana hawezi kirahisi kuwa Dar saa tano na robo usiku, labda awe amepaa kutoka kiti cha lori. Lakini sikupiga hesabu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili.

Jumatano asubuhi Raymundi alinipeleka uwanjani. Raymundi ni dereva wa teksi, mtu wa Ntalikwa, Mkatoliki, niliwahi kumfundisha darasa moja na Adinani. "Shikamoo, Mwalimu. Pole sana." "Marahaba." Ndege ikatua kwa wakati wake. Wakashuka waheshimiwa wawili wenye mikoba, nadhani wa kwenda Isikizya kwenye halmashauri, akashuka mtawa, wakashuka vijana wa mradi fulani na maboksi yao. Nikahesabu kila kichwa. Mlango wa ndege ukafungwa. Nikamwendea mfanyakazi mmoja pale, nikamuuliza kama hakuna aliyebaki ndani. Akaniambia kwa heshima, "Mama, wameisha." Nikapiga simu ya Adinani, haipatikani. Nikapiga tena, nikapiga mara saba.

Raymundi akasema, "Mwalimu, kuna nyingine ya mchana leo. Tungeingoja hiyo."

"Ameandika saa moja na nusu," nikamjibu. "Kwani mimi sijui kusoma?"

Akawasha gari.

Nyumbani mjomba alikuwa amesimama barazani kanzu imeshapigwa pasi. Aliniangalia, akaangalia nyuma yangu, akaangalia gari. "Nakuja hajaja?" Watu wakainama. Hasira iliyonipanda sijawahi kuiona. Sikumkasirikia mjomba, nilimkasirikia Adinani. Kwa mara ya pili! Kwa mama yake! Nilimwona akilini amekaa kitandani huko Maskati anatunga ujumbe mzuri wa kutupumbaza.

"Soma tena," mjomba akasema. "Isije ikawa tumekosea siku."

Nikasoma tena. Saa moja na nusu. Wakati ule ilikuwa saa tatu.

"Zuwena," akasema, safari hii kwa upole, "mwanangu, wewe ndiye mkubwa. Na wasia unao wewe. Tufanyeje?"

Angeamua yeye, leo ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Lakini aliniuliza mimi, mbele ya wazee wote, na mimi nikasema, "Mzikeni. Adhuhuri mzikeni. Aje akute kaburi, ajifunze."

Tukaingia kumwosha. Nilikuwa mimi na jirani yetu Bi Zamda na wanawake wengine wawili. Tulikuwa tumefika katikati, maji ya karafuu maiti yananukia, mara simu ya mama ikalia. Ile simu yake ndogo ya vitufe, ilikuwa kwenye droo pembeni ya kitanda. Ikalia ikakata, ikalia tena. Bi Zamda akasema, "Labda ni mtu wa mbali, tupokee?" Nikamwambia, "Nani huyo hana adabu, anampigia maiti simu? Izime!" Akafuta mikono, akaizima. Tukaendelea.

Jeneza lilitoka saa saba. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilisimama mlangoni nikaliangalia mpaka gari lilipokata kona ya kuelekea Kwihara. Walioingia mwanandani ni watoto wawili wa mjomba. Wazuri, sina ubaya nao. Lakini si yule mama aliyemtaja. Saa tisa kasorobo wanaume wakarudi, vumbi miguuni, wakanawa, wakakaa kwenye mikeka.

Saa kumi kasoro dakika kumi pikipiki ikasimama nje. Adinani akashuka na begi dogo mgongoni, shati limemganda mwilini kwa jasho. Alikuwa amezeeka. Akaona mikeka, akaona wanaume wamenawa, akaona jeneza limerudishwa limeegemezwa ukutani.

"Nimewahi?" akauliza.

Mjomba mwenyewe, mwenye mdomo wake ule, aliangalia chini. Basi nikajibu mimi, na sikujibu kwa huruma. Nilimrukia kwa maneno kama niko darasani. Nikamwambia ametudanganya, amemdanganya mama akiwa hai na akiwa maiti, ameandika mwenyewe kwa mkono wake saa moja na nusu na sisi tumesimama uwanjani kama wajinga. Nikatoa simu nikamsukumia usoni. "Soma! Soma ulichoandika!"

Akaishika simu. Akasoma, akasoma tena.

"Dada," akasema, "hizi si saa za kufika. Hii ni safari. Kutoka Maskati mpaka Dar ndege inakwenda masa..." Akalimeza. Haki ya Mungu, nililiona neno lile likishuka kooni mwake. "Inakwenda saa tano na robo. Dar mpaka hapa, saa moja na nusu. Ni muda. Ndivyo nilivyokuwa namhesabia mama kila Ijumaa. Alikuwa anapenda kusikia. Nilipoandika ule ujumbe hata tiketi sikuwa nimepata. Nimeondoka Maskati alfajiri. Saa mbili asubuhi nilikuwa Dar."

Nikabaki nimeshika ukingo wa mlango. Saa mbili asubuhi alikuwa Dar. Saa tatu mimi nilisema mzikeni.

"Kwa nini hukupiga simu?" nikamuuliza.

"Yangu ilizima, na chaja niliiacha kwa haraka. Niliazima ya mtu pale uwanjani. Lakini yako, dada, sikuikariri. Nilikariri ya mama tu. Nikapiga nikijua kuna mtu ataipokea. Ililia mara mbili, mara ya tatu ikawa imezimwa."

Bi Zamda alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akisema, "Mtume!" kisha akajifunika ushungi mdomoni. Hakusema nani aliyetoa amri ya kuizima, na mpaka leo hajasema. Nilisema mimi mwenyewe.

Adinani hakunifokea. Afadhali angenifokea, au angechukua rula akanilipa zote. Alikaa chini pale pale kizingitini, begi likiwa bado mgongoni, akaniuliza taratibu, na nadhani alikuwa anauliza kweli, "Ningeandikaje, dada? Ningeandika masaa matano, ungeelewa. Lakini ungesema nimekosea."

Mjomba Mabruki akainuka. Nilidhani anakuja kunisuta, na alikuwa na haki. Akanipita, akamwinua Adinani kwa mkono, akamwambia, "Twende ukamwone mama, Adinani." Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minane kumwita kwa jina lake.

Raymundi akatupeleka. Hakuna aliyenikataza kupanda, nami nikapanda. Kwihara si mbali, lakini njia ile ya mchanga ilinichosha kuliko safari zote nilizowahi kusafiri. Tulipofika nikabaki kando ya barabara, karibu na gari, kwa sababu ndiyo desturi. Mjomba alimfikisha, akamwonyesha, akaomba dua naye, kisha akarudi kukaa ndani ya gari na kufumba macho.

Adinani alichuchumaa kwenye udongo mbichi. Alitoa mkono, akasawazisha mahali palipokuwa tayari pamesawazishwa. Nilimwona anaongea. Nadhani alikuwa anamhesabia safari, maana alikuwa anakunja vidole. Upepo ulikuwa unatoka upande wake kuja kwetu, lakini sikusikia neno hata moja. Nikaikumbuka ile njia niliyokuwa nimeikanyaga, kwamba babu wa mama alipita hapa hapa na pembe begani, miezi mitatu kwenda na mitatu kurudi, na kila mara alimkuta aliyemwacha. Mwanawe mama alikuja kwa ndege mbili. Kilichomchelewesha ni mimi.

Jua likapungua. Raymundi akatoka kwenye gari, akasimama kando yangu, akaangalia saa yake, akamwangalia Adinani kule.

"Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "amekaa pale muda gani sasa?"

Adinani alikuwa amenyanyuka, anakuja kwetu anajifuta mikono kwenye suruali, amefika hatua chache tu.

"Masaa," nikasema. "Masaa mawili, Raymundi."

Raymundi aligeuka akanitazama, mwanafunzi wangu wa darasa la nne, na Adinani akasimama pale alipofika. Niliwangoja. Hakuna aliyenisahihisha.